Naomba ushauri: ami yangu hawezi tena kufungua kinywa

Ndugu zangu, assalamu alaikum. Ami yangu, mwenye miaka 58, mkaazi wa Kibokoni hapa Mombasa, ametafuna tambuu yenye popoo, chokaa na tumbaku tangu ujana wake. Kwa miezi kadhaa sasa kinywa chake kimekuwa kikikaza: mtu mzima huingiza vidole vitatu baina ya meno ya juu na ya chini, lakini yeye hupitisha kimoja kwa tabu, na hamri huila kwa kuimega vipande vidogo na kuichovya chai. Pilipili kidogo tu humchoma. Ndani ya shavu la kushoto, upande anaoweka tambuu, pana doa jeupe lisilofutika kwa kitambaa, na pembeni mwake kidonda ambacho kimepita wiki 3 bila kupona.

Daktari wa meno ametaka kikatwe kipande cha nyama kipimwe maabara. Wazee wamekataa, wakisema kidonda kikiguswa na kisu husambaa. Mimi naona hofu hiyo haina msingi, na kipimo kisicheleweshwe, kwani popoo peke yake, hata bila tumbaku, imetambuliwa kuwa husababisha saratani ya kinywa.

Aliyewahi kufanyiwa kipimo hiki anieleze: ganzi ilitosha? Majibu yalichukua siku ngapi? Na je, mazoezi ya kupanua taya yalisaidia? Tambuu ameiacha juzi, ingawa kopo la chokaa bado liko chini ya mto.