Nimesema apunguze zinazoingia machoni, kanirudishia kipara!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule mnyoa mbwa (jina silitaji, mnamjua wote, ni yule wa "niachie mimi") leo kanimaliza.

Nimempelekea Shih Tzu wangu, nywele zinaburuza sakafuni. Miaka 2 nazifuga! Kila jioni brashi, kisha kitana cha chuma kuanzia ngozini hadi kwenye ncha, na fundo la utosini nalifunga kwa mpira laini ili zisikatike. Nikamwambia taratibu kama namfundisha mtoto: punguza zinazoingia machoni, zungushia nyayo, nyoa katikati ya vidole. BASI. Narudi kumchukua, mlango unafunguliwa, anatoka kuku aliyenyonyolewa. Nauliza mbwa wangu yuko wapi. Ananiambia si huyo hapo. Halafu anapangusa mashine kwenye suruali, ananitazama usoni, anasema: "Zitaota tu."

ZITAOTA TU! Fundo hakuna, masharubu hakuna, mkia uliokuwa kama shada la maua umebaki kamba ya kiatu. Tumbo jekundu, maana mashine ilishapata moto na yeye anakandamiza tu. Tumefika nyumbani kaingia chini ya kitanda, mpaka sasa hatoki. Miaka 2 mtu anaifagia chini kwa nusu saa, halafu zitaota tu!

Chana Taratibu: Pole mkuu. Ila si kweli zitaota? 😂😂

Mwenye uzi: Toka kwenye uzi wangu.

Babu Kitana: Sema ukweli, hazikuwa zimesokotana? Wengi mnachana juu juu, nyuma ya masikio na kwapani hamfiki. Kisha mnamwogesha hivyo hivyo, maji yanakaza mafundo, yanaanza kuvuta ngozi. Zikifika hapo hakuna namna, ni kunyoa chini.

Mwenye uzi: Hapakuwa na fundo hata MOJA! Na kama lilikuwepo, simu si anayo? Angenipigia kabla ya kunyoa. Amenyoa kwanza, ndipo aniambie zitaota tu!

Mama Pacha: Huyo huyo! Yorkshire Terrier wangu nilitaka mtindo wa kitoto, urefu mmoja mwili mzima. Kanyoa mwili, kichwa kakiacha kama kilivyokuja. Nilirudi nyumbani nimebeba ufagio wenye miguu minne.

Kobe Mzee: Mimi nasimama na mnyoaji. Nywele za kuburuza ni za mbwa wa mashindano. Huyu wa kwenu anakimbia kwenye majani, anarudi na vijiti na matope, mnamwita mrembo. Miaka 2 mmemfunika macho, mwenzenu kamfumbua.

Mwenye uzi: Macho yake yalikuwa wazi, fundo la utosini ni la kazi gani? Soma kabla ya kuandika.

Mama Pacha: Kobe usiongelee mbwa, wewe una paka.

Kobe Mzee: Paka wangu ana nywele ndefu kuliko mbwa wenu wote, na hajawahi kulilia kinyozi.

Jirani wa Pili: Nywele ni nafuu jamani. Mimi mbwa wangu alikatwa kucha mpaka kwenye nyama, damu njia nzima. Sasa akiona mkasi tu anajikojolea.

Babu Kitana: Kucha nyeusi mshipa hauonekani kwa nje. Kata vipande vidogo vidogo, ukiona kidoa cheusi katikati ya mkato, simama hapo hapo.

Mwenye uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mtu kanitazama usoni kaniambia zitaota tu.

Chana Taratibu: Babu, hapo hapo kabla hujaondoka. Maltese wangu ni mweupe lakini chini ya macho ana michirizi ya kahawia, nafuta inarudi. Shida nini?

Babu Kitana: Machozi hayo. Yakikaa kwenye nywele zinageuka rangi. Zipunguze pembeni ya jicho, futa kwa maji ya uvuguvugu kila siku, kausha. Yakizidi mpeleke kwa daktari wa mifugo, mifereji ya machozi huwa inaziba.

Mama Pacha: Weka picha ya hiyo michirizi tuone.