Tupeane uzoefu: ua gani la bustanini lilikutoa ushamba?

#1
Wakuu, majira ya kuchipua ndiyo haya, kila kitu kinachanua, nami nimekumbuka aibu yangu ya mwaka wa kwanza. Mmea wangu wa maboga ulitoa maua kama 10, ya njano, makubwa. Nikaanza kuhesabu maboga! Wiki haikuisha yote yakadondoka. Nikasema ni wadudu, nikapuliza dawa. Kumbe yalikuwa madume. Maboga hutanguliza maua dume, jike huja baadaye, na utalijua kwa kile kiboga kichanga kilichokaa chini ya petali. Majike yalipokuja, nyuki nilikuwa nimeshawaua mwenyewe kwa dawa yangu. Msimu mzima nilikula majani tu. Haya, leteni yenu.

#2
Hahaha, pole mkuu. Mimi siku hizi ndiye nyuki. Asubuhi na mapema nachuma dume, nalivua petali, nalipaka chavua ndani ya jike. Ukiamka saa sita umekuta mwana si wako, ua limeshajifunga. Madume yanayobaki nakaanga.

#3
Yangu haichekeshi. Nilipanda nargisi, yale maua ya mapambo yanayoota kutoka kwenye tunguu kama kitunguu, kando ya tuta la vitunguu, papendeze. Kabla hazijachanua, mgeni wangu akakata majani yake akidhani ni ya vitunguu, akapika. Tulitapika nyumba nzima. Na tunguu lake ndilo lenye sumu zaidi, tena ukiliweka jikoni halina tofauti na kitunguu. Tumia pua: sugua jani, kitunguu kitanuka kitunguu, nargisi haitanuka hivyo. Za kwangu nimezihamishia mbali kabisa na mboga.

#4
Nyanya. Nilizishindilia mbolea ya kukuzia zikanifika kifuani, ua hata la dawa hakuna. Nilipoacha ndipo zikachanua.

#5
Mimi naomba kuuliza, ua la njegere linaliwa? Mwanangu ameshalamba matatu.

#3
Kama ni njegere za kula, mwache, ni tamu hata mimi nayatia kwenye saladi. Ila kuna jamaa yake wa mapambo, yule mwenye maua ya rangi rangi yanayonukia sana. Huyo ana sumu, mbegu zake hasa. Umepanda ipi?

#5
Pakiti nilishaitupa. Yananukia.

#3
Mtoe mtoto hapo kwanza, umpigie daktari sasa hivi, na umpelekee tawi la huo mmea.