Tupeane uzoefu: uliwahi kurekebisha nyaraka za maktaba sanifu ya lugha ya programu? Ulibadilisha nini?

Semikoloni

Wakuu, heshima kwenu.

Nazungumzia zile kurasa kavu za maktaba sanifu, yaani mkusanyiko wa fanksheni (vipande vya kodi unavyoviita kwa jina) unaokuja na lugha yenyewe, tunazozifungua kutwa: fanksheni hii inapokea nini, inarudisha nini, inagoma lini. Mafunzo ya wanaoanza tuyaache pembeni, yana wapenzi wengi. Hizi za rejea kila mtu anazisoma, na zinatajwa pale tu zinapomkwamisha mtu.

Naanza mwenyewe. Kuna ukurasa wa fanksheni ya kutafuta ulikuwa na maneno haya tu: inarudisha nafasi ya kitu ndani ya orodha. Kisipokuwemo je? Kimya. Vikiwemo viwili vinavyofanana? Kimya. Orodha ikiwa haijapangwa? Kimya vilevile. Nilipokaa kuuandika upya nilichukua kama kielelezo ukurasa wa `Arrays.binarySearch` wa Java. Ule haukuachii mwanya: safu lazima iwe imepangwa, la sivyo jibu halina maana, vitu vikifanana, hakuna ahadi utapewa kipi, kitu kikikosekana, unarudishiwa hasi ya nafasi ambayo kingeingia, kisha inapunguzwa moja. Hiyo moja watu huiona kituko, lakini fikiria: nafasi zinahesabiwa kuanzia 0, na kitu kikipaswa kuingia nafasi ya 0, hasi ya 0 ni 0, nawe ungedhani kimepatikana mwanzoni. Kwa hiyo unapewa -1. Na ukurasa wenyewe unaeleza hivyo, kwamba jibu la 0 kwenda juu linatoka pale tu kitu kinapopatikana.

Nyie wenzangu mlikuta nini, mkabadilisha nini? Nawasilisha.

mkia_wa_faili

Mkuu Semikoloni, umegusa penyewe. Yangu ni `rstrip` ya Python. Wengi wanaitumia kukata mkia wa jina la faili, na mara nyingi inawakubalia. Huo ndio ubaya wake:

```
>>> "hesabu.data".rstrip(".data")
'hesabu'
>>> "taarifa.data".rstrip(".data")
'taarif'
```

Hiyo `a` ya mwisho imekwenda na maji kwa sababu `rstrip` haisomi ".data" kama kipande kimoja. Inaichukua kama kundi la herufi, inakata kutoka kulia mpaka ikutane na herufi isiyokuwamo kwenye kundi. Nyaraka rasmi zinalisema hili waziwazi, na tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020 kuna `removesuffix`, ambayo maelezo ya `rstrip` yanakuelekeza hukohuko.

Kwenye mwongozo wa ndani wa timu yetu nilibadilisha mfano tu. Wa zamani ulikuwa unaondoa nafasi tupu mwishoni mwa stringi (kipande cha maandishi), mfano usiompotosha mtu wala kumfundisha chochote. Nikaweka huo wa taarifa. Sentensi sikugusa hata moja, na swali lile likakoma.

Kibodi_Kimya

Tukiwa hapohapo kwenye mifano: mfano usioendeshwa na mashine unaoza. Kazini nilikabidhiwa maktaba yenye nyaraka nene, nikazipitisha kwenye `doctest`, ile moduli ya Python inayosoma mistari ya `>>>` na kulinganisha majibu. Iliyoanguka ilikuwa mingi kuliko iliyosimama. Mingine ilikuwa inaita fanksheni zilizokwisha kufutwa.

Rust hili walilimaliza mapema: `cargo test` inaendesha mifano iliyo kwenye maelezo ya maktaba bila kuombwa. Go nao wana fanksheni za `Example`. Ukiweka mstari wa `// Output:` mwishoni, jibu linalinganishwa. Angalizo kwa watu wa Go: usipoweka mstari huo, mfano unapitishwa kwenye kompaila tu, hauendeshwi. Nimeona watu wakijipa moyo kwa mifano ambayo haijawahi kukimbia hata siku moja.

Mabano

Kibodi uko sawa, ila mfano unaopita jaribio bado unaweza kumpoteza msomaji. Unamwonyesha kinachotokea leo. Haumwambii kama kesho kitatokea tena. Hapa ndipo nilipokesha mimi.

Chukua mpangilio wa `dict` ya Python, ile hifadhi ya jozi za ufunguo na thamani. Kwenye 3.6 funguo zilianza kutoka kwa mpangilio zilioingizwa nao, na nyaraka zikasema hiyo ni namna tu ilivyojengwa, msiitegemee. Ilipofika 3.7, mwaka 2018, ikawa ahadi ya lugha. Mtumiaji aliyekuwa akiangalia majibu tu hakuona tofauti yoyote. Kilichobadilika kwake ni sentensi kwenye nyaraka. Watu wa Go wakaenda upande wa pili kabisa: tangu Go 1 ya mwaka 2012, mpangilio wa kupitia `map`, ambayo ndiyo `dict` yao, unavurugwa makusudi, asije mtu akazoea kitu ambacho hakuahidiwa. Na Java? Mpaka kabla ya toleo la 7u6, `substring` ilikuwa inatumia herufi zilezile za stringi mama bila kuzinakili. Kuanzia hapo ikawa inanakili. Maelezo ya fanksheni hayakuwa yametaja gharama, kwa hiyo huwezi kusema kuna ahadi iliyovunjwa, lakini programu zilizokuwa zinakatakata maandishi makubwa zilihisi.

Sasa kisa changu. Kwenye maktaba moja, sitaitaja, nilipendekeza sentensi hii kwenye ukurasa wa kupanga: vitu vilivyo sawa hubaki kwa mpangilio wao wa awali. Nilikuwa nimeshasoma kodi, na ni kweli ndivyo ilivyokuwa ikifanya. Mtunzaji akanijibu: ni kweli leo, lakini nani amekutuma utufunge? Mwanzoni nilichukia. Halafu mjadala ukaacha kuwa wa lugha ukawa wa usanifu wenyewe: wanataka kujifunga au hawataki? Wakavutana wao kwa wao. Mwishowe wakaandika kinyume cha nilichopendekeza, kwamba mpangilio huo hauna dhamana. Sentensi yangu ilikufa, ukurasa ukapona. Anayeusoma sasa anajua kama anaweza kuegemea pale au la, na kabla ya hapo hakuna aliyejua, hata wenye maktaba.

Semikoloni

Kwa hiyo mkuu Mabano, kusoma kodi peke yake haitoshi?

Mabano

Haitoshi. Kodi inakwambia inachofanya. Ahadi anayo mwenye maktaba. Fungua tiketi, yaani hoja rasmi kwa watunzaji, uliza, ndipo uandike. Kuandika kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Kinachokula siku ni kupata uamuzi.

NafasiMbili

Mimi nitakuja kinyume kidogo. Wote mnasema ongeza, ongeza. Kazi niliyoifanya mimi ni kupunguza.

Ukurasa ulikuwa na visanduku vya tahadhari kila aya, vyekundu kwa vya njano, karibu kimoja kinaonya kwamba namba hasi si chanya. Jicho likishazoea linaruka vyote, pamoja na kile kimoja kinachostahili kusomwa. Vingi nilivigeuza kuwa sentensi za kawaida ndani ya maelezo ya parameta husika, vingine nikavifuta kabisa.

Tahadhari ninayoiheshimu ni ile ya moduli ya `random` ya Python: isitumike kwa mambo ya usalama, nenda kwenye `secrets`. Hatari imetajwa, pa kwenda pametajwa, basi. PHP nao kwenye `strpos` wanaonya kwamba jibu la 0 linaweza kuchukuliwa kama `false`, tumia `===`, inayotofautisha hivyo viwili. Hiyo nayo ni halali, maana kosa lake halipigi kelele: neno limepatikana mwanzoni kabisa mwa stringi, programu inaendelea na safari kana kwamba halikuonekana.

mkia_wa_faili

"Namba hasi si chanya" hahaha, ukurasa huo nimeuona. Kama si wenyewe basi ni ndugu yake.

Ctrl_F

Kuna jambo hamjaligusa. Hakuna anayesoma kurasa hizi kuanzia juu. Mtu anatoka kwenye injini ya kutafuta, anadondokea katikati, anachukua chake, anaondoka. "Kama ilivyoelezwa hapo juu" haimsaidii, hajapita huko juu.

Mfano `sort` ya JavaScript. Ukiiita bila kuipa fanksheni ya kulinganisha, inavichukua vitu kama stringi, hivyo `[5, 40, 100].sort()` inakupa `[100, 40, 5]`. Jambo kama hilo ukiliweka kwenye utangulizi wa sura badala ya kwenye maelezo ya `sort` yenyewe, ni sawa na hujaliandika. Kwenye nyaraka nilizozishughulikia nilirudia sharti lilelile kwenye kila fanksheni inayoguswa nalo. Mpitiaji akalalamika kwamba narudia maneno. Nikamwambia ndiyo, kwa makusudi. Tukakutana katikati: sentensi fupi kila mahali, na kiungo cha kwenda kwenye maelezo marefu. Mpaka leo naona nilistahili zaidi ya hapo, lakini sawa.

mgeni_kodi

Wakubwa shikamooni. Mimi nimeona kosa la herufi kwenye ukurasa mmoja, na kwenye ukurasa mwingine kuna kifungu nimekisoma kikanishinda kabisa. Nianze na kipi?

Kibodi_Kimya

Marahaba. Herufi itume hata leo, kwa kawaida inapita bila mjadala, na itakuonyesha njia ya kupeleka mabadiliko ilivyo. Python na Rust nyaraka za maktaba sanifu zinakaa pamoja na kodi. Kwa Rust maelezo yako ndani ya faili lilelile, juu ya fanksheni yenyewe, kwenye mistari inayoanza na `///`. Ila usichanganye herufi na kile kifungu kwenye ombi moja. La pili litakwamisha la kwanza.

Mabano

Na hicho kilichokushinda ndicho chenye thamani, sisi tuliozoea hatukioni tena. Usijilazimishe kukiandika upya. Fungua tiketi: ukurasa gani, toleo gani, ulitaka kufanya nini, ulitarajia jibu gani, ukapata lipi. Ukiambatisha na kipande kifupi cha kodi kinachoonyesha hivyo, mtunzaji hana pa kukwepea. Ni cha lugha gani?

mgeni_kodi

Go. Ni ile `io.Reader` ya kusoma data, pale wanaposema `Read` inaweza kurudisha baiti na kosa kwa pamoja. Sasa nimepewa data au nimekataliwa?

Mabano

Vyote viwili. Ikikurudishia `n` iliyo kubwa kuliko 0 pamoja na `io.EOF` (kosa la kukwambia data imeisha), baiti hizo ni zako: zishughulikie kwanza, ndipo uangalie kosa. Ukianza na kosa ukatoka, umezitupa. Nyaraka zinasema hivyohivyo, ila aya zake zimebanana. Zisome tena ukiwa na hilo kichwani, halafu utuwekee hapa sentensi iliyokukwaza, tuone kama tiketi inahitajika.