Tupeane uzoefu: tuliolelewa kwa kipigo, mapenzi tuliyajuaje?

Binti wa Ngamiani
Habari zenu ndugu zangu. Mimi nimelelewa na baba mdogo hapahapa Tanga. Mchana ananichapa mkanda, jioni anarudi na mkate wa kumimina umefungwa kwenye gazeti. Anaukata mwenyewe, kile kipande cha pembeni kilichokauka ananipa mimi. "Nakuchapa kwa sababu nakupenda." Nilikuwa na miaka saba, nikaamini. Mpaka leo nikisikia harufu ya hiliki moyo unafurahi na mgongo unakaza, vyote kwa pamoja.

Nikaja kuolewa na mtu mpole. Nikiunguza wali anasema, "Tutakula hivyohivyo." Nikaona huyu hanijali. Nikawa namchokoza makusudi apandishe hasira, ili baadaye anibembeleze. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Mke wangu, unataka nikufanye nini?" Nilikosa jibu. Wenzangu mliopitia haya, kwenu ilikuwaje?

Mtu wa Sahare
Pole dada'angu. Mimi mwanaume na yamenikuta. Kwetu ukilia unaongezewa, basi nikajifunza kunyamaza. Mke wangu alipofiwa na mama yake nilimpa nauli na hela ya mchango, nikaenda kukaa ufukweni Raskazone mpaka giza likaingia. Nilijua nimeshampa pole. Juzi tu, miaka sita imepita, ndiyo ananiambia alitaka nikae naye.

Mzee wa Pongwe
Wanangu, sote tulichapwa na tumekua. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Binti wa Ngamiani
Shikamoo mzee wangu. Kweli tuko wengi: utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya miaka 18. Na mimi nimekua, mzee. Ila mume wangu akiinua mkono kuchukua chumvi juu ya kabati, nainama.

Mama Chumbageni
Mkiwa na mtoto wa jirani anayepitia haya sasa hivi, pigeni 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure. Msingoje akue aje kusimulia.

Mzee wa Pongwe
Marahaba mwanangu. Nimesoma yako mara mbili. Kijana wangu mkubwa ana miaka arobaini sasa. Akija kunisalimia hukaa kiti cha karibu na mlango. Sijawahi kumuuliza kwa nini.