Impreza WRX ya gia tano, namba D: giaboksi yake ni ya kuaminika?

Mwana Kihonda:
Habari za jioni wakuu. Nimepata Subaru Impreza WRX ya 2005, ile ya bodi GDA na injini EJ20 yenye turbo, manyuali ya gia tano. Namba D, ipo Dar kwa dalali, anataka milioni 15 na maongezi yapo. Rangi safi, ndani safi, dashibodi inasoma kilometa 118,000 ambazo sizitilii maanani. Hofu yangu ni giaboksi. Kila ninayemuuliza anasema "gia za WRX ni kioo", ila hakuna anayenieleza kwa nini. Naishi Morogoro, nyumbani Iringa, kwa hiyo mlima Kitonga naupanda kila likizo. Sina mpango wa kushindana na mtu. Nichukue, au nijikusanye nitafute STI, ile WRX yenye nguvu zaidi, ya gia sita? Na matunzo yake yataniachia hela ya kula?

Pistoni Kavu:
Chukua Premio ulale usingizi. Natania mkuu. Ukifika, angalia tairi kabla ya bodi.

Dada wa Boksa:
Mdogo wangu, GDA ya gia tano ninayo hapa Arusha, ndiyo inayopeleka watoto shule na ndiyo ninayoshukia nayo Moshi. Hilo neno la kioo lina nusu ya ukweli. Meno ya gia zile ni membamba kwa nguvu ya turbo, na mzigo ukizidi kesi, yaani ganda la giaboksi, inajipinda kidogo, shafti zinaachana, meno yanashikana kwa ncha. Hapo ndipo gia ya pili au ya tatu inapong'oka jino. Lakini mzigo huo hauji kwa kupanda Kitonga. Unakuja pale mtu anapoivumisha injini akiwa amesimama, kisha anaachia klachi ghafla, na tairi zote nne zimeng'ang'ania lami. Nguvu haina pa kutokea ila kwenye meno. Kwa hiyo wewe unanunua mguu wa aliyekuwa nayo kabla yako.

Ukikuta geji ya turbo imebandikwa pembeni ya dashibodi, au dalali akajisifu kwamba "kompyuta imeguswa kidogo", yaani injini imeongezwa nguvu, muage kwa heshima.

Nenda asubuhi, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Washa, iache huru, usikanyage klachi, sikiliza. Kukiwa na mvumo unaokata ukikanyaga klachi, beringi ya ndani ya giaboksi imechoka. Ikiwa kimya, halafu kelele ikaanza unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi, afadhali. Barabarani, shuka kutoka tatu kwenda mbili ukiwa kwenye 40 hivi: ikikwaruza, sinkronaiza, zile ringi zinazosawazisha kasi ya gia, zimekwisha. Ukiwa gia ya pili kanyaga mafuta, kisha achia ghafla. Gia ikichomoka yenyewe, rudisha funguo. Mwisho weka ya nne kwenye 60 na ukandamize: mshale wa injini ukipanda na gari haichanganyi, klachi imekwisha, na haibadilishwi bila kutenganisha giaboksi na injini. Ikifika huko, weka pleti, presha pleti, beringi na sili ya nyuma ya krenki kwa pamoja, ulipe ufundi mara moja.

Pistoni Kavu kwenye tairi hakutania. Ndani ya giaboksi kuna difu ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukivaa mbili mpya mbele na mbili vipara nyuma, zinazunguka kwa kasi tofauti muda wote, difu inachemka mpaka inaganda. Sisi tumezoea kununua tairi mbilimbili kadiri mshahara unavyoruhusu. Subaru haitaki hivyo, nunua nne za aina moja. Kuipima, kata usukani mpaka mwisho uzunguke taratibu kwenye lami kavu. Ikijivuta na kushtukashtuka, imeshakwenda.

Oili ya gia ni 75W-90 GL-5, lita tatu na nusu, na hiyo hiyo ndiyo inayolainisha difu ya mbele. Difu ya nyuma haifiki lita moja. Nati ya kumwagia ina sumaku: tope laini la kijivu ni kawaida, kipande kinachokwaruza kidole ni jino. Mkanda wa taimingi ni wa kilometa 100,000, na kwa kuwa dashibodi huiamini, ubadilishe ukishanunua tu. Baada ya hapo, kitakachokula hela yako ni mafuta na tairi.

STI gia sita ni giaboksi nyingine kabisa, ngumu kweli. Ila asikudanganye mtu kwamba utahamishia baadaye. Inakuja na propela yake, ile shafti ya kwenda nyuma, na difu ya nyuma lazima uwiano wake ulingane na wa mbele. Ukijumlisha spea na ufundi, bora ungenunua STI yenyewe.

Mzee wa Gerezani:
Naunga mkono, ila kwa Kitonga na foleni za Dar mimi ningechukua WRX ya otomatiki. Ile ya gia nne inavumilia.

Dada wa Boksa:
Shikamoo mzee. Inavumilia, tatizo ni mafundi wetu. Kwenye otomatiki, difu ya mbele ina oili yake na kijiti chake, mbali na ATF, oili ya giaboksi yenyewe. Kuna gereji hapa mjini walimwaga ATF ya gari ya rafiki yangu wakidhani ni oili ya injini, halafu wakajaza oili mpya kwenye injini juu ya ile ya zamani. Gari ilifika getini, ikagoma kwenda mbele na nyuma.

Mwana Kihonda:
Asante dada, asanteni wote. Dalali amekubali niende Jumamosi asubuhi, ila hataki gari ipandishwe jeki.

Dada wa Boksa:
Mwambie hela ya gereji unatoa wewe. Akikataa tena, anajua kilichopo chini. Akikubali, beba tochi, mulika pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa pamelowa oili, kata gharama ya kushusha giaboksi kwenye hiyo milioni 15 kabla hujaanza hayo maongezi yenu.