Duka limetuuzia mwongozo badala ya riwaya na sasa linakataa kurudisha pesa zetu wazee

Hamjambo nyote. Leo nina hasira na sitaficha, mtaniwia radhi nikiandika mrefu maana nimetoka tao saa hii na bado mikono inatetemeka.

Sisi ni wazee tisa wa Buruburu hapa Nairobi, sote tumestaafu. Kuna Mwalimu aliyefundisha Kiswahili sekondari miaka 34, kuna Sista ambaye alikuwa nesi wa wodi ya kina mama, kuna Mzee wa Reli, mimi nilikuwa karani wa posta, na wengine. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunakutana kwa hall ya kanisa, kila mtu amesoma kitabu kile kile, tunakiongelea mpaka chupa ya chai inaisha. Riwaya za Kiswahili pekee, hatusomi kitu kingine, hilo tulikubaliana siku ya kwanza.

Tulianza na Rosa Mistika ya Kezilahabi, ile ya 1971 ambayo Tanzania waliipiga marufuku kwanza. Tulikuwa na kopi mbili kati yetu, moja haina jalada, zikawa zinazunguka kama sahani ya sadaka. Siku ya kuiongelea tulifika kwa Zakaria, yule baba mlevi anayemchapa binti yake juu ya barua ya mvulana, na Mzee wa Reli akainuka akatoka nje akakaa kwa ngazi. Tulidhani ni presha. Kumbe yeye mwenyewe alimchapa kifungua mimba wake hivyo hivyo miaka ya themanini na hajawahi kumwambia mtu. Alirudi ndani akatuambia, na wiki hiyo hiyo akampigia binti yake simu. (Ameniruhusu niandike hapa.) Nawaambia hili ndio mjue hatukutani kupiga porojo, mtu asije akatuambia ati wazee mnatafuta pa kukaa tu.

Sasa tukaamua Utengano ya Said Ahmed Mohamed, 1980. Sista ndiye aliitaka sana kwa sababu ya Bi Tamima na uchungu wake wa uzazi na yule mume Maksuudi, alisema amewaona kina Maksuudi wengi mlangoni pa leba. Nikatumwa mimi tao kutafuta kopi tisa.

Jameni nilizunguka. Duka la kwanza msichana hakuinua hata macho, akaniuliza "shosho, ni ya mtoto wa form ngapi?" Nikamwambia ni yangu. Akarudia, "eeh lakini mtoto yuko form ngapi?" Duka la pili ile ile. La tatu wakaniambia Utengano ilishatoka kwa silabasi kwa hivyo hawaleti tena, kama vile kitabu ni maziwa yanaharibika mtihani ukiisha. Kwani Kiswahili ni ya kufanyia mtihani wa KCSE tu alafu unaitupa? Mimi niliacha shule 1974, sina mtihani, nataka kusoma hadithi kwa lugha yangu kabla macho yaishe, hiyo ni makosa gani?

Na kwa wale wa inama, wanaotandaza vitabu chini barabarani, siendi tena. Siku Njema ya Walibora tulinunua huko, kumbe ni feki, kurasa zingine zimejirudia mara mbili na zingine hazimo kabisa. Yaani unamfuata Kongowea Mswahili kwenye safari yake, unageuza ukurasa, umerudishwa nyuma. Mwandishi mwenyewe alifariki 2020 na bado watu wanakula jasho lake hivyo.

Basi duka la nne, hili la malalamiko yangu, jina silitaji kwa sasa, wakasema wanaweza kuagiza. Kopi tisa kwa 650, jumla 5,850, lipa yote kwanza. Nikauliza mara mbili, hii ni riwaya yenyewe? Kijana wa kaunta akasema ndio mama, hiyo hiyo. Nikalipa kwa M-Pesa, wakaniandikia risiti kwa mkono, "Utengano x 9". Hiyo pesa tulichanga, na kuna mmoja wetu anategemea zile elfu mbili za Inua Jamii, pesa za serikali za wazee, na zenyewe haziji kila mwezi vile zinafaa. Alitoa 650 yake kwa noti za mia na sarafu. Naiona hadi leo vile aliipanga mezani.

Tukangoja wiki sita. Kila nikipiga simu "iko njiani mama". Hatimaye wakasema kuja uchukue, nikakuta bahasha kubwa ya kaki imefungwa na selotepu kila upande, nikabeba na matatu nikaiweka kwa mapaja, sikufungua, nilitaka tufungue pamoja.

Alhamisi ikafika. Chai imemiminwa, mahamri yako, Sista akakata ile selotepu na kisu cha mkate. Akatoa ya kwanza, nyembamba, akaiangalia, akatoa ya pili. Zote tisa ni MWONGOZO. Mwongozo wa Utengano! Sio riwaya, ni kile kijitabu cha wanafunzi cha kueleza muhtasari na maudhui na wahusika. Mwalimu haoni vizuri siku hizi, ana mtoto wa jicho, akasema nisomee mwanzo. Sista akafungua katikati akasoma kwa sauti, "Jadili sifa za Maksuudi. Alama 20." Hakuna mtu aliongea. Mwalimu amesahihisha hilo swali maisha yake yote, alikuja pale ili kwa mara moja asome kitabu bila kalamu nyekundu mkononi. Akaomba asaidiwe koti lake.

Leo asubuhi nimerudi na bahasha yote na risiti. Yule kijana akaniambia ati "mama si yote ni Utengano, hii ni nzuri zaidi, imefupishwa." Nikaomba meneja. Meneja akanionyesha kibandiko ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sikuuziwa nilichoagiza, soma risiti yako. Na nyuma ya huo mwongozo kuna bei, 380! Hiyo 270 mara tisa imeenda wapi? Akaanza kunieleza mambo ya ushuru. Najua ushuru, sheria ya VAT ya 2013 ndio ilituwekea asilimia 16 juu ya vitabu na hiyo nayo inaniuma, lakini 380 haigeuki 650 kwa asilimia 16, nimefanya hesabu za kaunta miaka 31, usinifanyie mimi. Akaniambia nisogee nipishe wateja. Nipishe wateja! Mimi ni nani?

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kama kuna mtu amewahi kudai pesa yake kutoka duka akafaulu, aniambie alianzia wapi, karatasi gani, nani alimsaidia. Na kama una Utengano halisi kwa kabati, hata iwe imechakaa, ilimradi kurasa zote zipo, tuazime. Tutairudisha, nitakuja kuichukua mwenyewe popote Nairobi hii na nitaifunika na gazeti.

Jumatatu wakifungua nitakuwa mlangoni. Sista amesema anakuja, Mzee wa Reli pia, na Mwalimu amesema tumshike mkono tu, atafika.