Naomba ushauri: memu hizi zinawafundisha vijana wetu Uganda ipi?

Wadau habari zenu, mimi niko Arua, nasimamia kagrupu ka WhatsApp ka vijana wa mtaani, sasa kuna jambo linanikera naombeni mawazo. Memu zinazotumwa humo Uganda ni Kampala tu, rolex (chapati ya mayai), bodaboda, foleni, mashimo ya barabarani. Za mashimo mimi nazikubali kabisa, Aprili 2023 mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo alipoanzisha maonyesho ya mashimo Twitter watu walituma picha mpaka Rais akaagiza hela za barabara za Kampala zitolewe, pale tulikuwa wananchi wamoja kweli.

Lakini mtu wa huku kwetu West Nile au wa Karamoja, mikoa ya kaskazini, akitokea ni mlinzi wa geti au mshamba. Juzi imetumwa ya askari mlinzi anayeharibu Luganda, waliocheka zaidi ni Walugbara wenyewe, wenyeji wa huku Arua!! Imeniuma sana jamani. Na mwaka 2018 watu wa nje walipotuchezea lafudhi kwa memu ya yule kikatuni Knuckles wa Uganda wengi tulikasirika, sasa mbona sisi kwa sisi tunaona sawa?

Nikifuta watahamia grupu lingine. Nawaza kabla ya 9 Oktoba, sikukuu ya uhuru wetu, niwaambie watengeneze za kwao, soko la Arua, enyasa (ugali wetu wa huku), maneno ya Kilugbara na Kiswahili chetu cha huku, ila sitaki iwe kama somo la darasani maana watakimbia. Aliyewahi kusimamia vijana alianzaje? Na ni programu gani nyepesi ya kutengenezea memu kwa simu ndogo, bando lenyewe ghali.